Kutafuta Kitoweo

Mara ya kwanza kusikia neno halali likitangazwa kwa baragumu, nilikuwa nimesimama pembeni mwa msitu wa Niedersachsen, kaskazini mwa Ujerumani, jioni ya Novemba, ndani ya koti la kuazima lililonifika magotini. Mbele yetu wanyama kumi na mmoja walikuwa wamelazwa juu ya matawi ya msonobari, wamepangwa mstari mmoja kama wanafunzi wa paredi, mienge inawaka pembeni. Watu wanne wakapuliza mabaragumu. Kisha msimamizi akavua kofia akasema: "Jagd vorbei. Halali!"

Mimi ni mtoto wa Rufiji, nimesoma madrasa miaka sita. Nikautazama ule mstari. Wanane kati ya wale kumi na mmoja walikuwa nguruwe mwitu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Halali yao wameichukua kwa Wafaransa, hallali, ukelele wa wawindaji, na haina undugu wowote na halali yetu ya Kiarabu. Ni maneno mawili yaliyokutana njiani yakafanana sura. Lakini jioni ile sikuwa najua, na kabla sijapata wa kumuuliza, watu walianza kuzunguka wakipeana mikono, na kila mmoja alimwambia aliyeua neno jingine, refu, ambalo sikuwahi kulisikia kwenye kozi yangu ya Kijerumani: Waidmannsheil. Naye akajibu: Waidmannsdank.

Neno hilo ndilo lililonifanya niseme uongo kuhusu babu yangu, na ndilo lililonifanya baadaye niukane.

Nilikwenda Ujerumani mwaka 2018 kwa mwaka mmoja wa kujitolea katika chekechea. Nilipangiwa kuishi kijijini na familia moja, mume fundi umeme, mke muuguzi, watoto wao wakubwa wameshaondoka. Yule mume ndiye mwindaji. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, mtu wa miaka sitini na mbili, jambo lililonichukua miezi mitatu. Hapa nitamwita Mzee, kama nilivyokuwa nikimwita moyoni.

Mwindaji wa Kijerumani hawi mwindaji kwa kuwa na bunduki. Lazima afaulu mtihani ambao watu kwa utani huuita Abitur ya kijani, Abitur ikiwa mtihani wao wa kumaliza sekondari. Anaulizwa sheria, silaha, mbwa, magonjwa ya wanyama. Na lazima ajue lugha. Wawindaji wana lugha yao ya karne nyingi, na anayeikosea hujulikana mara moja kuwa mgeni. Macho ya Reh, mnyama wa ukubwa wa mbuzi ambaye kwa mbali ungemdhania paa, hayaitwi macho; ni Lichter, taa. Masikio ya sungura ni Löffel, vijiko, na mkia wake ni Blume, ua. Masikio ya nguruwe ni Teller, sahani. Damu ya mnyama aliyejeruhiwa haiitwi damu, ni Schweiß, jasho. Siku Mzee aliponionyesha jani akaniambia "Schweiß", niliinama kutafuta unyevu. Nikaona tone jekundu.

Niliipenda lugha hiyo kabla sijapenda kitu kingine chochote kule, pengine kwa sababu ilikuwa Kijerumani ambacho hata Wajerumani wengi hawakijui. Humo tulikuwa wageni wote.

Wajerumani hushona maneno. Waidmannsheil ina vipande vitatu na uzi mmoja. Heil ni heri, uzima, ndugu wa heilen, kuponya, na heilig, takatifu. Wanazi walilichafua neno hilo kiasi kwamba leo Mjerumani hawezi kulitamka peke yake kama salamu bila watu kugeuka. Limesalimika kwa wawindaji, na kwa wavuvi ambao huambiana Petri Heil, heri ya Petro, kwa kuwa mtume Petro alikuwa mvuvi. Mann ni mtu, mwanamume. Ile s ya katikati haina maana yake yenyewe. Ndio uzi wa kushonea.

Kilichobaki ni Waid. Kamusi huandika Weid, kwa e, lakini wawindaji hushikilia a yao kama watu wa ukoo wanavyoshikilia tahajia ya jina la babu. Nilipomuuliza Mzee maana yake, alinitazama kama nimemuuliza maana ya Jumatatu. "Waidmann ni Jäger," alisema. Mwindaji ni mwindaji.

Ilikuwa mezani, wiki moja baada ya ule msako. Mke wake alikuwa ameniwekea chakula changu kando, maana nguruwe sili, na walilijua hilo tangu siku ya kwanza na hawakulikosea hata mara moja. (Na Reh? Hilo naliacha kati yangu na Mola wangu.) Mzee akaniuliza babu yangu alikuwa akifanya kazi gani.

"Alikuwa Jäger," nilisema.

Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa neno moja. Aliinua glasi yake kuelekea kwangu, mimi nina ya maji ya tufaha, akasema: "Waidmannsheil!" Kisha yakaja maswali. Bunduki gani? Nikasema ya zamani. Mnyama gani mkubwa kuliko wote? Nikasema nyati. Uongo ukishaingia mlangoni haukai kwenye mkeka mmoja.

Babu hakuwahi kuwa na bunduki. Alikuwa na waya. Alikuwa na shamba la mpunga bondeni, ambalo Mto Rufiji ulilipa mwaka mmoja na kulinyang'anya mwaka uliofuata, na miaka ya kunyang'anywa alitega swala pala kwa vitanzi upande wa pili wa mpaka wa pori la akiba. Mwaka 1987 alikamatwa, akafungwa miaka miwili. Mimi nilizaliwa miaka kumi baadaye, na bado shuleni nilikuta jina limenitangulia: mjukuu wa jangili. Mwalimu mmoja alipofundisha uhifadhi alitutolea mfano bila kutaja jina, na darasa zima likageuza shingo.

Kwa hiyo nilipopewa nafasi ya kumtafsiri babu yangu kwa lugha ambayo hakuna mtu wa kwetu angeisikia, nilichagua neno zuri.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam, ambaye wazee wake walitoka Gujarati, aliwahi kuniambia kwamba kwao mtoto asiye na adabu huitwa jangli, mtu wa porini. Nilicheka siku ile. Sikuliweka neno hilo pamoja na jangili mpaka nilipokutana na neno la Kijerumani la mtu kama babu: Wilderer. Ndani yake mna wild, la porini, lisilofugwa. Wajerumani humwita mnyama wa kuwindwa Wild, na anayemwinda bila haki wamempa jina kutokana na mnyama mwenyewe. Anayewinda kwa haki ni Waidmann, na anapewa mkono na heri.

Haki hiyo ilitoka wapi, nilikuja kuisoma polepole. Katika sehemu kubwa ya Ujerumani, hadi mapinduzi ya 1848, uwindaji ulikuwa wa mabwana. Mkulima aliamka akakuta nguruwe wamefukua shamba lake, na nguruwe wale hawakuwa wake. Kisha miaka chini ya hamsini baada ya kuondolewa kwa haki hizo za mabwana, mwaka 1896, gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani: kuwinda kwa kibali, na maeneo kutengwa kwa ajili ya wanyama, mojawapo likiwa upande wetu wa Rufiji. Waingereza walipoichukua nchi waliliendeleza wazo hilo na kuliita pori hilo Selous, kwa jina la Frederick Selous, aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwezi Januari 1917 na ambaye, kabla ya hapo, sifa yake kubwa duniani ilikuwa kuua tembo.

Wazee wetu hawakuliita Selous. Waliliita Shamba la Bibi. Vijana wa Dar wakisikia jina hilo hufikiria Uwanja wa Uhuru, lakini kwetu ni pori, na hadithi yake ni kwamba Kaiser wa Ujerumani alimpa mkewe pori hilo kama zawadi. Ni hadithi tu. Ila naona waliotunga walielewa sheria kuliko walioiandika: hili ni shamba, lina mwenyewe, na mwenyewe hayupo hapa. Mwaka 2019 sehemu kubwa yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Sitaki kumsingizia Wissmann kifungo cha babu. Sheria iliyomfunga ilikuwa ya nchi huru, hakimu alizungumza Kiswahili, na tembo wa ukanda ule miaka hiyo walikuwa wakiuawa kwa bunduki za kivita. Mtu aliyeamua kuwalinda alikuwa na sababu. Nasema tu kwamba nilikaa mezani pa Mjerumani nikimwonea aibu babu kwa mstari ambao Mjerumani mwingine aliuchora kwanza.

Mwezi Machi msichana wa Kitanzania aliyekuwa akisoma Göttingen alinialika. Mji ule ndiko walikofundisha ndugu wawili wa hadithi za Grimm, Jacob na Wilhelm, mpaka walipofukuzwa mwaka 1837 pamoja na maprofesa wenzao watano kwa kumpinga mfalme aliyefuta katiba. Walipokosa kazi walianza kuandaa kamusi ya Kijerumani. Jacob alifariki mwaka 1863 akiwa amefika kwenye neno Frucht, tunda. Wengine waliendelea, na kazi ikaisha mwaka 1961. Rafiki yangu alinipeleka maktaba ya chuo kwa sababu kulikuwa na joto na wifi. Nikaona majuzuu yale yamejaza rafu, nikaifuata W.

Sikuelewa nusu ya niliyosoma, ilibidi anisaidie. Lakini neno lenyewe halikuwa gumu. Weide, ambayo leo kwa Mjerumani wa kawaida ni malisho ya ng'ombe, katika Kijerumani cha kale ilikuwa weida: chakula, malisho, kwenda kutafuta chakula, na kwa hiyo kuwinda, na hata kuvua samaki. (Kuna Weide nyingine ambayo ni mti. Huyo ni wa nasaba nyingine.) Ng'ombe anayekula majani na mtu anayefuata nyayo za mnyama walikuwa wakifanya kazi moja. Kutokana na neno hilohilo wanaisimu huleta Eingeweide, matumbo. Hapakuwa na cheo humo, wala kibali, wala kofia yenye kitawi. Palikuwa na njaa na namna ya kuiondoa.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilifikiria kwamba sisi tunasema nyama na mnyama, tukitenganisha cha chunguni na cha porini kwa herufi moja tu ya midomo iliyofungwa, na sijawahi kumsikia mtu akishangaa.

Mwezi Mei unafungua msimu wa Reh dume. Mzee alimpata wa kwanza katikati ya mwezi, akamtundika gerejini kwa ndoana, mimi nikamshikia taa. Alikuwa akifanya kazi kimya na kwa usafi, kama anavyofanya nyaya za umeme. Nikamwambia.

"Babu yangu hakuwa Jäger. Alikuwa Wilderer. Alifungwa."

Hakugeuka. Aliuliza alikuwa akitumia nini.

Nikasema waya, nikatafuta neno: Schlinge, kitanzi.

Hapo aliweka kisu chini. "Das ist nicht waidgerecht," alisema. Ni neno jingine la kushonwa: Waid, na gerecht, iliyo ya haki. Humaanisha kuwinda kunavyopaswa: usimpige risasi mnyama usiye na hakika ya kumuua, usimwache aliyejeruhiwa akateseka, mfuate hata usiku kucha. Mzee alinieleza kwamba aliwahi kumkuta Reh kwenye kitanzi cha waya, msitu uleule tuliosimama Novemba. Waya ulikuwa umekata shingo mpaka mfupani. Alikuwa bado anapumua. Alieleza bila kupandisha sauti, na sikuwa na jibu, maana alikuwa anasema kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kuona kovu la waya kwenye mguu wa punda wa jirani.

Tulimaliza kazi. Alinishukuru kwa taa.

Usiku nilimpigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona usiku hivi, kuna usalama?"

Nilimuuliza jambo ambalo katika nyumba yetu halikuwa limekatazwa ila halikuulizwa: babu alikuwa anategaje. Baba alinyamaza nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Kwanza, sisi hatukuliita hivyo. Mtu akija kumuulizia, mama alikuwa anajibu, amekwenda kutafuta kitoweo. Basi. Na mtu muungwana haulizi kwa upande gani."

Alikuwa na miaka kumi na minne wakati ule, na alikuwa akienda naye. Wakati wa kwenda walitoka nyumbani usiku wa manane. Babu alitaka kila mtego ufikiwe kabla ya alfajiri, kwa sababu swala akifia kwenye waya bila kuchinjwa ni nyamafu, na babu hakuwa tayari kuwapa watoto wake nyamafu, hata mwaka wa mafuriko. Ilibidi amkute hai, amwelekeze kibla, aseme Bismillah. Wenzake wengine walitega wakarudi baada ya siku mbili, tatu, wakachukua kilichokuwepo. Yeye alikwenda kila siku, saa ileile, njia ileile.

"Ndiyo maana walimkamata yeye," baba alisema. "Wale wengine nani angewajua wanapita saa ngapi?"

Asubuhi nilimsimulia Mzee wakati anakunywa kahawa. Nilimweleza nyamafu, jambo lililochukua muda, na kutafuta kitoweo, ambalo halikuchukua muda kabisa, kwa sababu nilichomoa karatasi yangu ya Göttingen nikamwonyesha weida. Aliisoma akiwa ameivuta mbali na macho, miwani yake iko gerejini.

"Kabla ya jua?" aliuliza.

"Kila siku."

"Na mvua?"

"Na mvua."

Alikunja karatasi, akanirudishia. "Waya ni waya," alisema. Lakini alikaa hapo kuliko kawaida yake, na kahawa ikapoa, na kabla ya kwenda kazini aliniuliza jina la babu yangu, ambalo hakuwahi kuliuliza alipodhani ni mwindaji.

Sikumwambia habari ya yule swala wa mwisho. Baba alinieleza mwishoni kabisa, nilipokwisha kusema usiku mwema. Walipomkuta babu alikuwa amepiga goti, swala amesimama kwenye waya, mzima. Babu hakukimbia, wala hakukana. Aliomba kitu kimoja: wamwache achinje, kisha wamchukue yeye na nyama. Hawakukubali. Swala alikuwa kidhibiti. Alibebwa pamoja na babu, akafia njiani, akawekwa barazani kusubiri karatasi ziandikwe. Siku ya tatu bibi alipompelekea babu uji, alimpita pale mlangoni, nzi wamemjaa, akaziba pua kwa upande wa khanga, akaingia ndani.